Kiwanja cha Kiwanda cha Zamani Kinapogoma Kuzaa: Dalili, Chanzo na Tiba kwa Wakulima wa Mjini Mwanza

Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, pamba ya Usukuma ilipata njia ya kwenda bahari kuu, na mji ukakua kufuata mzigo huo. Vikaja viwanda vya kuchambua pamba na vya kukamua mafuta ya mbegu zake, karakana za reli na za meli, nguo za Mwatex, ngozi, na katika miaka ya 1990 minofu ya sangara. Baadhi ya viwanda vinafanya kazi mpaka leo. Vingine vimebaki kuta na mabati yaliyotoboka, na kuzunguka kuta hizo, kuanzia Igogo na Mkuyuni mpaka Nyakato, watu wanalima. Mchicha, chainizi, matembele, nyanya, migomba miwili mitatu karibu na mfereji.

Kiwanja cha namna hii kikigoma, wengi hukimbilia samadi, na samadi ikishindwa wanakimbilia urea. Mara nyingi pesa hiyo inapotea bure, kwa sababu udongo wa mahali palipokuwa na kiwanda hauna njaa tu. Umekanyagwa na malori, umemwagiwa kitu, au umefunikwa na kifusi. Lishe inakuja mwisho. Kwanza jua kilichomwagwa, kisha fungua udongo uliofungwa, kisha rekebisha tindikali au magadi, ndipo ulishe. Ukianza na mbolea, utakuwa unalisha mgonjwa ambaye hujajua anaumwa nini.

Kabla ya jembe: uliza palikuwa na nini

Kipimo cha kwanza hakina gharama. Tafuta mlinzi wa zamani, fundi aliyewahi kufanya kazi pale, mama aliyeuza chakula getini, na umwamkie vizuri: "Shikamoo mzee. Hapa zamani palikuwa na nini? Magari yalikuwa yanaegeshwa wapi? Oili ilikuwa inamwagwa wapi? Maji machafu yalikuwa yanatokea upande gani?" Swali la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ndilo linaloonyesha kitanda kipi cha mboga kiko kwenye njia ya uchafu wa zamani.

Kila kazi huacha alama yake. Gereji huacha oili, dizeli na risasi, ile metali nzito ya kwenye betri. Kiwanda cha ngozi huacha chumvi nyingi na kromiamu, metali nzito nyingine. Mahali palipotengenezwa kayabo, yaani samaki wa kutiwa chumvi, huacha chumvi. Ghala la pamba au la pembejeo linaweza kuwa limeacha viuatilifu vya zamani vya jamii ya DDT, ambavyo hukaa udongoni miaka mingi. Chumba cha boila huacha majivu. Jengo lililobomolewa huacha saruji, chokaa na vipande vya rangi ya zamani. Chora ramani ya mkono kwenye daftari, weka alama sehemu hizo, halafu tembea nayo kiwanjani. Dalili zifuatazo zisome ukiwa na ramani hiyo mkononi.

Dalili: hakuna dalili. Mchicha umestawi vizuri kabisa

Naanza na hii kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayoumiza watoto. Kiwanja kibaya kwa macho, chenye ukoko mweupe na mimea ya njano, mara nyingi hakina hatari kubwa kwa mlaji: hakitoi chakula, kwa hiyo hakuna anayekula. Kiwanja cha kuogopa ni kile kinachotoa mchicha mzito wa kijani mahali ambapo miaka iliyopita mtu alikuwa anapasua betri za magari na kuyeyusha risasi. Mimea mingi huvumilia risasi kwa kiwango ambacho mtoto hawezi kukivumilia. Uzuri wa jani si ushahidi kwamba udongo ni salama.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Risasi hudumaza ubongo unaokua, na madhara yake hayarudi nyuma. Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na bado kesi iliendelea kwenye rufaa. Risasi iliyotulia kwenye udongo haiozi wala haiyeyuki na mvua. Hukaa kwenye sentimita chache za juu, palepale mtoto anapocheza na mama anapopalilia.

Jambo ambalo wakulima wengi hawalijui ni kwamba sehemu kubwa ya risasi haimfikii mtu kupitia mizizi. Inamfikia kupitia vumbi: tope linalorukia majani wakati wa mvua, udongo unaobaki kwenye kucha, vumbi linaloingia ndani na viatu. Habari hiyo ni njema kwa kiasi fulani, kwa sababu vumbi linaweza kuzuiwa.

Pima kwanza. Kipimo cha kawaida cha kilimo, kile cha tindikali, nitrojeni, fosforasi na potasiamu, hakionyeshi risasi hata kidogo. Watu wanapewa karatasi ya maabara, wanaona "udongo unafaa", wanalala usingizi. Unapopeleka sampuli, taja kwa kinywa chako na uandike kwenye fomu: risasi, kadimiamu, na kama palikuwa na kiwanda cha ngozi, kromiamu pia. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru, wilayani Misungwi, ni mahali pa kuanzia kwa vipimo vya rutuba. Kwa metali nzito, uliza ofisi ya Kanda ya Ziwa ya Mkemia Mkuu wa Serikali, hapa hapa Mwanza.

Sampuli ichukuliwe hivi: chagua sehemu 10 hadi 15 za eneo lenye historia moja, chimba sentimita 15 kila sehemu, changanya yote kwenye ndoo ya plastiki, toa nusu kilo, anika kivulini, funga kwenye mfuko safi. Ndoo ya bati usiitumie, maana zinki yake itaingia kwenye kipimo. Usichanganye udongo wa palipokuwa na gereji na ule wa nyuma ya nyumba, kwa sababu sehemu safi itaificha ile chafu.

Majibu yakija, namba zinahitaji kusomwa kwa busara. Marekani, kupitia mamlaka yake ya mazingira, kwa miaka mingi ilitumia miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo kama alama ya kushtukia kwenye makazi, na Januari 2024 ikaishusha hadi 200. Mimi ningeshika 200. Chini ya hapo, lima, lakini kwa tahadhari: panda bamia, nyanya, mahindi na maharage badala ya mboga za majani na viazi, kwa kuwa tunda hubeba risasi kidogo kuliko jani na mzizi. Funika udongo wote kwa matandazo ili tope lisiruke. Osha mboga kwa maji mengi zaidi ya mara moja, na viazi vimenywe. Kati ya 200 na 400, lima kwenye vitanda vilivyoinuliwa vyenye udongo wa kuletwa, na si vinginevyo. Zaidi ya hapo, chakula kisitoke kwenye udongo ule.

Kuna njia ya kuifunga risasi isitembee. Ikikutana na fosfeti, hugeuka kuwa madini magumu ambayo mmea na tumbo la mtu havinyonyi kirahisi. Fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa karibu na Ziwa Manyara, inafaa kwa kazi hii kwenye udongo wenye tindikali, na mboji nyingi inasaidia pia. Ongeza chokaa mpaka pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho hushuka tindikali ikizidi, ikaribie 6.5 au 7. Lakini hii inapunguza tu hatari. Risasi haiondoki, na kama kipimo kimeonyesha arseniki pia, ambayo nayo ni sumu, usimwage fosfeti kabla ya kuzungumza na mtaalamu, kwani fosfeti inaweza kuisukuma arseniki itembee.

Dalili: jembe linaruka, maji yanatuama, mizizi imepinda kuelekea pembeni

Chanzo: udongo umeshindiliwa. Uwanja wa malori, njia ya toroli, sakafu ya zamani iliyobanduliwa. Chukua kipande cha nondo, subiri siku mbili baada ya mvua, kisha kisukume kwa mkono. Kikizama sentimita 30 bila kupigana nacho, udongo uko wazi. Kikigonga kwenye sentimita 10, chimba shimo uone umegonga nini. Mwanza ni mji wa mawe, na pengine ulichogonga ni mwamba wenyewe. Hapo hakuna tiba ya jembe, nenda moja kwa moja kwenye vitanda vya kuinua. Ukikuta tabaka gumu la udongo, na chini yake udongo laini, una bahati.

Fungua tabaka hilo kwa sururu mwishoni mwa kiangazi, wakati udongo una unyevu kidogo tu. Udongo wa mfinyanzi ukitifuliwa ukiwa umeloa, unashindiliwa upya na unakuwa mabonge yasiyovunjika msimu mzima. Jaza mianya kwa mboji iliyoiva hapo hapo, vinginevyo mvua tatu za vuli zitaifunga tena. Kisha panda mbaazi. Mzizi wa mbaazi hushuka wima na kupasua tabaka gumu kwa kazi ambayo sururu haiwezi kuirudia, na majani yake yanayoanguka yanalisha udongo. Iache msimu mzima au miwili. Ukiiondoa, kata shina usawa wa ardhi na uache mizizi ioze ndani, ili njia zake zibaki kuwa mifereji ya maji na hewa.

Halafu weka njia za kupita na usikanyage kitanda tena. Hili linasemwa kila mahali na halifuatwi popote.

Tahadhari moja: kama ramani yako ina alama ya gereji au betri, usitifue kabla ya majibu ya maabara. Utachanganya kilichokuwa juu na kilichokuwa safi chini.

Dalili: majani machanga ni ya njano, mishipa yake imebaki kijani

Majani ya juu, si ya chini. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo. Mmea umekosa chuma, ingawa chuma kipo udongoni, kwa sababu saruji na chokaa ya kifusi vimepandisha pH na kukifunga. Majivu ya boila hufanya vivyo hivyo. Dondosha siki kwenye udongo mkavu: ukitoa povu, kuna chokaa.

Udongo wetu wa asili wa miteremko ya Mwanza, ule wa kichanga unaotokana na mawe ya matale, unaelekea kwenye tindikali. Kwa hiyo ukiona povu kwenye mteremko, karibu kila mara ni mkono wa binadamu. Ondoa vipande vikubwa vya saruji, chekecha vidogo kadiri nguvu zinavyoruhusu, ongeza mboji, na kama unatumia mbolea ya dukani, chagua SA (salfeti ya amonia) badala ya CAN (yenye kalisi), kwani SA huchachusha udongo pole pole. Jivu la jikoni lisikaribie hapo. Na kwa kuwa kifusi cha nyumba ya zamani kinaweza kuwa na rangi yenye risasi, rudi kwenye dalili ya kwanza ya mwongozo huu, ile ya risasi.

Dalili: ukoko mweupe, ncha za majani zimeungua

Hapa watu wengi huchanganya magonjwa mawili, na tiba ya moja haitibu jingine.

La kwanza ni chumvi ya kawaida. Mahali ngozi zilipowekwa chumvi kabla ya kusindikwa, mahali sangara walipogeuzwa kayabo, mahali maji ya kuoshea mapipa yalipomwagwa. Udongo wenyewe uko sawa, unapitisha maji, ila mmea unakaa kwenye unyevu na kiu ileile. La pili ni magadi, yaani sodiamu imejishika kwenye chembe za mfinyanzi na kuzitenganisha. Udongo huo unafunga ukiloa, unakuwa mgumu ukikauka, na pH yake hupita 8.5. Wakulima wa Usukuma wanaujua tangu zamani kwa jina la ibambasi kwenye mabonde, kwa hiyo si kila ibambasi ni kosa la kiwanda.

Jaribio la kutofautisha ni hili. Weka bonge dogo la udongo mkavu, ukubwa wa punje ya maharage, kwenye glasi ya maji ya mvua. Usikoroge. Kesho yake likiwa limeporomoka lakini maji yamebaki maangavu, una chumvi au udongo wa kawaida. Maji yakiwa yamechafuka kama wingu kuzunguka bonge, una magadi.

Chumvi inaoshwa kwa maji. Ili kuosha kina cha sentimita 30, maji ya kimo cha sentimita 15 yakizama huondoa takriban nusu ya chumvi, na kimo cha sentimita 30 huondoa kama nne ya tano. Kwa mita moja ya mraba, sentimita 30 za maji ni lita 300, yaani ndoo 15 za lita 20. Mwaga kidogo kidogo, mara nyingi, ili maji yazame badala ya kukimbia juu. Maji ya ziwa ni baridi, hayana chumvi, yanafaa. Mvua ya masika itafanya kazi hii bila malipo ukijenga kingo za kuizuia isikimbie. Angalia tu chumvi hiyo inaenda wapi: isishuke kwenye kisima cha jirani.

Magadi hayaoshwi kwa maji peke yake. Ukimwaga maji kwenye magadi unaufunga udongo zaidi. Unahitaji jasi, ile inayochimbwa Itigi na Makanya, ili kalisi yake ichukue nafasi ya sodiamu, ndipo uoshe. Changanya jasi kwenye sentimita 15 za juu, ongeza samadi iliyoiva, mwagia maji, subiri. Kiasi cha jasi kitokane na kipimo cha maabara, maana kinategemea sodiamu iliyopo. Kazi hii inachukua misimu, si wiki.

Dalili: harufu ya dizeli, maji yanateleza juu kana kwamba udongo umepakwa mafuta

Umepakwa kweli. Chukua kiganja cha udongo, kitie kwenye chupa ya maji, tikisa. Ukiona utando wa rangi za upinde wa mvua juu, ni mafuta.

Kwa dizeli na mafuta ya taa, habari ni nzuri, hasa kwa joto la Mwanza. Vijiumbe vya udongoni hula mafuta hayo, ilimradi vipate hewa, unyevu na nitrojeni. Chota udongo ulioathirika, utandaze juu ya turubai mahali ambapo mvua haiwezi kuubeba kwenda mferejini, kimo kisizidi sentimita 30. Changanya samadi ya ng'ombe na pumba za mpunga ili hewa ipite. Loanisha, usifurikishe. Geuza kila wiki. Harufu hupungua miezi inavyokwenda. Mashudu ya pamba, ambayo Kanda ya Ziwa tunayo kwa wingi, ni chanzo kizuri cha nitrojeni kwa kazi hii kama bei yake ya chakula cha ng'ombe haijapanda.

Oili chafu ya injini ni jambo jingine. Ni nzito, hukaa miaka, na hubeba metali ambazo hakuna kijiumbe kinachozila. Udongo mweusi wa chini ya shimo la gereji uchote wote, uutenge, upimwe, na usiurudishe kwenye mboga hata ukiacha kunuka. Usiuchome. Moshi wake utatua kwenye bustani ya jirani.

Dalili: umeweka maranda mengi, majani ya chini yamegeuka njano

Vijiumbe vinakula maranda na vinaazima nitrojeni yote iliyopo ili viweze kuyala. Ongeza samadi mbichi kidogo au mkojo wa ng'ombe uliochanganywa na maji, subiri wiki kadhaa. Safari nyingine maranda yabaki juu kama matandazo, yasichimbiwe ndani. Na uyapate kwa seremala anayefanya kazi na mbao zisizopakwa dawa.

Dalili: kipande kimoja hakioti kitu, vingine vyote vinaota

Hapa usikisie. Jaza kopo moja udongo wa kipande hicho, kopo la pili udongo wa mahali unapopaamini, panda maharage kumi katika kila moja, mwagilia sawa. Ikiwa yote mawili yameota vizuri, shida si udongo bali ni maji, kivuli, au kuku. Yakifa kwenye kopo la kwanza, chunguza kwa mpangilio huu: tindikali ya betri (pH chini ya 5), mafuta, chumvi, kisha kiua magugu. Chini ya mabati ya zamani yaliyopata kutu, mstari unaofuata matone ya paa unaweza kuwa na zinki nyingi mpaka mimea inadumaa. Sogeza kitanda mita moja, tatizo limekwisha.

Nasisitiza tena: maharage hayawezi kukwambia kama kuna risasi.

Dalili: ulikuwa na udongo mzuri, ukaharibika baada ya "kuuboresha"

Uchafu mwingi wa bustani za mjini siku hizi hautokani na kiwanda cha zamani. Unaletwa kwa toroli.

Magugu maji yanayoziba ghuba zetu ni mali nzuri ya mboji, yana virutubisho na yanapatikana bure. Lakini mmea huo una tabia ya kunyonya metali nzito kutoka majini na kuzihifadhi, zaidi kwenye mizizi. Yaliyovuliwa mahali penye maji safi, mbali na midomo ya mifereji ya mji, yanafaa: kata mizizi uitupe, tumia majani na mashina tu, yanyaushe kwanza kwa kuwa zaidi ya sehemu tisa kwa kumi ni maji. Yaliyovuliwa karibu na mahali Mto Mirongo unapoingia ziwani, au mbele ya mifereji ya viwanda, yasitumike kwenye chakula. Hakikisha rundo linapata joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa na unaligeuza, maana mbegu za magugu maji huishi miaka mingi.

Tope la kingo za Mirongo linaonekana jeusi na tajiri. Limebeba kila kilichooshwa kutoka katikati ya mji. Liache.

Mchanga wa marudio, yaani mabaki baada ya dhahabu kutolewa, kutoka kwenye machimbo ya Geita na kwingineko usiingie bustanini kwa sababu yoyote, hata wa kujazia shimo. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki, na zebaki inabaki kwenye marudio.

Mataruma ya reli ya mbao na nguzo za umeme zilizotupwa zinavutia kwa kujengea kingo za vitanda, kwa kuwa haziozi. Haziozi kwa sababu zimetiwa sumu: mataruma kwa kawaida hulowekwa kriosoti, dawa nyeusi ya kuhifadhi mbao, na nguzo nyingi za rangi ya kijani zina shaba, kromiamu na arseniki. Sisi tuna mawe. Jenga kingo kwa mawe.

Pale ambapo jibu ni kutolima chini

Kitanda cha kuinuliwa kiwe na kina cha sentimita 30 au zaidi, na chini yake tandika viroba au kitambaa kinachopitisha maji ila kinazuia mizizi na kinaonyesha mpaka, ili atakayechimba kesho ajue asipite hapo. Udongo wa kujazia uutafute kijijini, nje ya maeneo ya viwanda, na uupime nao. Weka changarawe au nyasi kwenye njia kati ya vitanda, kwa sababu kitanda safi kilichozungukwa na vumbi chafu kinachafuka kwa msimu mmoja.

Na kuna viwanja ambavyo havifai kwa chakula, vitanda au pasipo vitanda. Duisburg, Ujerumani, walikuwa na kiwanda cha chuma kilichofungwa mwaka 1985. Walipogeuza eneo lake kuwa bustani ya watu kupumzika, hawakujaribu kusafisha kila kitu: uchafu mbaya zaidi ulifungiwa ndani ya maghala ya zege yaliyokuwepo, na sehemu kubwa ikaachiwa mimea iotee yenyewe. Hapa kwetu, kiwanja chenye risasi nyingi kinaweza kupandwa nyasi za kudumu na miti ya kivuli, kikafunikwa chote pasibaki ardhi tupu ya kutimka vumbi. Ng'ombe na mbuzi wasilishwe hapo, kwa kuwa wanameza udongo pamoja na majani. Watoto wapewe mahali pengine pa kuchezea. Serikali ya mtaa iarifiwe kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya majibu ya maabara, ili kiwanja kisije kuuzwa kwa mtu mwingine kama shamba la mboga.

Kwa kiwanja kinachotibika, pima tena baada ya mwaka, kina kilekile, sehemu zilezile za ramani, maabara ileile, na msimu uleule. Ukilinganisha sampuli ya Septemba kavu na ya Aprili iliyoloa, chumvi peke yake itakudanganya. Sampuli ya kwanza ichukuliwe kabla ya vuli kuanza Oktoba, ili majibu yapatikane kabla hujanunua mbegu.